Anayemdai Marehemu Ajitokeze

Misunkumilo, Mpanda
15 Desemba 2024

Baba mkwe wangu, Mzee Mikidadi,

Shikamoo Baba. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limekubali kukunjika, maana siku ya arobaini nilikuchungulia dirishani ukiinuka kwenye mkeka na nikaumia kuliko wewe. Huku hatujambo. Kauthar ana kikohozi kidogo lakini kelele zake ziko palepale. Mimi nipo ndani namalizia eda. Misumari ya bati la chumba hiki nimeshaihesabu, sasa naijua kwa majina.

Najua umeshtuka kupata barua. Siku hizi barua ni za serikali na za posa. Simu nimeizima, Baba. Watu wa mkopo wa Rahim wananipigia tangu asubuhi, na sio mimi tu. Wamewapigia watu wote ambao namba zao Rahim aliandika kwenye fomu, na wengine sijui wamewatoa wapi. Wamempigia mwalimu wa Kauthar. Wamempigia muuza maziwa. Wanawaambia mke wa Rahim ni mdaiwa sugu, wamshauri. Muuza maziwa kanishauri kweli, na siku hizi ananiuzia kwa pesa mkononi tu. Kwa hiyo nimempa barua hii Salvatori, yule dereva wa fuso anayekuja kubeba mpunga huko Mamba, aliyekuwa akinunua spea kwa Rahim. Amesema atakupa mkononi.

Na nikwambie ukweli, kalamu imenisaidia. Miaka kumi na tatu nimeolewa kwako, na kwa mila za kwenu mkwe na baba mkwe hawakai mkeka mmoja wala hawatazamani. Kila nililotaka kukwambia lilipitia kwa Rahim. Sasa Rahim hayupo, na karatasi haina macho.

Neno lenyewe ni hili. Siku ya arobaini, watu wakila, yule dada Faith, afisa mikopo, alikufuata barazani na karatasi ukaisaini. Kabla sijamtuma Kauthar akuzuie ulikuwa umeshamrudishia kalamu. Ilisema nini, Baba? Maana juzi Faith amekuja na kuniambia umekiri deni lote lililobaki, milioni nne na laki moja na themanini elfu, na kwamba lisipoisha mwisho wa Februari watauza nyumba. Hati ya mauziano wanayo wao, Rahim aliiweka dhamana mwezi wa tatu alipochukua zile milioni sita za kujaza duka. Duka lenyewe unajua lilivyokwisha kwa hospitali na matanga. Nilidhani Faith ni mtu mwema. Mwezi wa kumi na moja alikuja na sukari kilo mbili, akalia na mimi, akaomba kivuli cha cheti cha kifo cha kufungia faili, nikampa. Faili gani hilo linalofungwa halafu linakuja kugonga mlango?

Nyumba hii Rahim aliijenga miaka sita, tofali kwa tofali. Tukitolewa mimi na Kauthar sina pa kwenda, na nalisema wazi ili usije ukadhani nina mahali.

Nisamehe kwa kuandika mengi.

Mkweo,
Hadia (Mama Kauthar)


Mamba
23 Desemba 2024

Kwa mkwe wangu Hadia, Mama Kauthar,

Salamu zangu zikufikie popote ulipokaa humo ndani, pamoja na mjukuu wangu. Mimi ni mzima. Goti nalo linakusalimu, linasema halina nia ya kukunjika mpaka mvua ipungue. Mpunga umeshika vizuri, majaruba yote saba yamejaa maji, na ndege bado hawajapata habari.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Una mwandiko mzuri kuliko wa mwanangu, Mungu amrehemu. Usiombe msamaha kwa kuandika. Mila haikukataza wino.

Umeuliza karatasi ilisema nini. Sikuisoma yote, herufi zake zilikuwa za kusomwa na sisimizi. Nilichokijua kilinitosha. Siku ya mazishi, jeneza la Rahim likiwa mbele yangu, nilisimama nikasema, "Kama kuna anayemdai marehemu aje kwangu, deni ni langu." Watu mia tatu walinisikia. Yule binti naye alikuwepo, amekaa kwa wanawake amejifunika kanga. Alipokuja na karatasi, ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa natania?

Mimi nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha tumbaku miaka kumi na tisa. Sikula kilo ya mtu. Nimefundishwa tangu mdogo kwamba roho ya maiti hutundikwa kwa deni lake, haiendi mbele wala hairudi. Nikilala namwona Rahim ametundikwa. Hilo ndilo jambo langu, Hadia. Nyumba ni nyumba, lakini mwanangu ni mwanangu.

Nimeuza maksai wangu wawili. Salvatori atakukabidhi shilingi milioni moja na laki tano. Mpe Faith. Dawa ya deni kulipa.

Mwambie Kauthar anywe tangawizi na asali, na asipige kelele akikohoa.

Mimi baba mkwe wako,
Mikidadi


Misunkumilo
14 Januari 2025

Baba mkwe wangu,

Shikamoo. Habari za Mamba na za mpunga? Sisi wazima wa mwili. Kikohozi kimepona kwa tangawizi yako, lakini kelele hazikupona.

Pesa zilifika zote na tarehe sita nilimkabidhi Faith hapa mlangoni. Hakunipa risiti. Aliandika kwenye daftari lake, akasema risiti itatoka ofisini. Nilipouliza limebaki kiasi gani, akapiga mahesabu kwenye simu, akasema milioni tatu na laki tisa na arobaini. Nikamwambia dada, hata mtoto wa darasa la pili akitoa moja na nusu kwenye nne na kitu hapati tatu na tisa. Akasema kuna adhabu ya kuchelewa. Kuchelewa kwa nani? Mtu aliyechelewa yuko kaburini.

Halafu juzi walikuja vijana wawili na kopo la rangi nyekundu. Wakaandika ukutani, upande wa barabarani, herufi kubwa: NYUMBA HII INADAIWA. ITAUZWA. Mimi nimo ndani, siwezi kutoka nikapigana nao na khanga yangu ya eda. Nilibisha dirisha kwa mwiko mpaka mpini ukavunjika. Kauthar alirudi kutoka shule akayakuta. Alichukua ndoo, sabuni ya unga na gunzi, akasugua mpaka magharibi, na rangi haikutoka ila imekuwa ya waridi. Sasa nyumba inadaiwa kwa rangi nzuri.

Nacheka, Baba, ili usijue ninavyolia. Maksai wako ninawajua kwa majina. Rahim alinionyesha picha zao kabla hajanionyesha picha yako. Nimekosa usingizi kwa ajili yao.

Sina la kufanya humu ndani, kwa hiyo nimeanza kusoma makaratasi ya Rahim moja moja. Kuna boksi zima la viatu. Hakuwahi kutupa karatasi huyu mtu, hata risiti ya chumvi ya mwaka tuliooana ninayo mkononi.

Mkweo,
Hadia


Mamba
21 Januari 2025

Mkwe wangu Hadia,

Salamu. Mimi ni mzima, Alhamdulillahi.

Habari ya rangi imenichoma. Katika ukoo wetu hakuna ukuta uliowahi kuandikwa. Nimekaa siku mbili bila kwenda shamba.

Nimeamua. Majaruba nayauza yote saba pamoja na mpunga uliomo, umefika magotini sasa. Mtu wa Usevya ameyataka, na ameshanipa arubuni ya laki tatu. Tutaandikishana ofisi ya kijiji tarehe ishirini Februari, akishauza ng'ombe wake. Deni litaisha, hati yako itarudi, nami mtu mzee nahitaji shamba la nini? Nitalima bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, ndege watanizoea.

Najua utasema maneno. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima zote, usiniandikie tena juu ya jambo hili mpaka liishe. Niliahidi mbele ya jeneza. Mtu akianza kuipunguza ahadi ya namna hiyo kwa mahesabu, hajui ataishia wapi.

Mpe Kauthar shilingi elfu mbili nilizofunga humu. Za kalamu, sio za sabuni.

Baba mkwe wako,
Mikidadi


Misunkumilo
28 Januari 2025

Baba,

Shikamoo, na nisamehe, naandika juu ya jambo hilohilo. Umenikataza na nimekusikia. Nikikutii utapoteza shamba, na nisipokutii utanikasirikia. Nimechagua ukasirike ukiwa na shamba.

Soma polepole. Ndani ya lile boksi la viatu, chini kabisa, nimekuta karatasi ya siku Rahim alipopewa mkopo. Ina mstari wa makato: ada ya fomu elfu thelathini, na chini yake, "bima ya mkopo, elfu tisini". Sikujua maana yake. Nikamtuma Kauthar kwa Theopista, yule mama wa mtaa wa pili ambaye ni msaidizi wa kisheria, anayewasaidia wajane mambo ya mirathi bila kuwatoza. Kwa kuwa mimi sitoki, alikuja yeye. Alivua viatu, akakaa, akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaniuliza swali moja tu. "Hawa watu waliwahi kukuomba cheti cha kifo?"

Nikasema ndiyo, Faith alichukua kivuli mwezi wa kumi na moja.

Akasema, "Mama Kauthar, anayemdai mjane hahitaji cheti cha kifo. Anayekihitaji ni anayekwenda kudai bima."

Amenieleza, Baba. Hiyo elfu tisini waliikata kusudi mkopaji akifa bima imalizie deni lililobaki. Hakuna haja ya mtu kulipa tena. Sio mimi, sio wewe, sio maksai. Wamechukua cheti wakapeleka bima, na huku wanaendelea kutukamua sisi. Hana uhakika bado kama bima imeshalipa, ndio maana ameniandikia barua kwa kampuni, nami nimesaini: tunaomba nakala ya mkataba, mchanganuo wa malipo yote, na majibu kuhusu bima. Wameipokea na kugonga muhuri kwenye nakala yetu. Anasema wana wajibu wa kupokea lalamiko na kulijibu, na wasipojibu linakwenda Benki Kuu, ambayo ndiyo inasimamia leseni zao.

Na mengine amenifungua macho. Kupigia watu simu na kupaka rangi ukuta wa mtu sio njia ya kudai, hakuna sheria inayowaruhusu. Nyumba haiuzwi kwa kopo la rangi, kuna taarifa za maandishi na muda wake. Tena hii ni nyumba ya ndoa, inatakiwa ridhaa ya mke, na kwenye mkataba sehemu ya sahihi yangu ni tupu. Na hata deni lingekuwepo, madeni ya marehemu hulipwa kwa mali ya marehemu kupitia msimamizi wa mirathi, sio kwa majaruba ya baba yake.

Umesema dawa ya deni kulipa. Kweli kabisa. Lakini dawa hupewa mgonjwa, Baba, na inaelekea huyu wetu alishapona siku nyingi.

Nakuomba usisaini chochote na huyo mtu wa Usevya. Subiri majibu ya kampuni, hayo tu.

Mkweo,
Hadia


Misunkumilo
11 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Wiki mbili hakuna jibu. Salvatori anasema mto umefurika na barabara imekatika, barua yangu bado iko kwenye kibweta cha gari, imelowa pembe. Ninampa na hii ziende pamoja. Kumbe ni mto, na mimi nilidhani ni wewe umenuna. Nimejifunza kutofautisha kikohozi cha mtoto na kelele zake, lakini ukimya wako bado sijaujua.

Kampuni nayo haijajibu. Theopista amewapelekea barua ya pili, na safari hii amewaonyesha nakala ya Benki Kuu ikiwa tayari kwenye bahasha. Faith hajaonekana hapa tena. Vijana wa rangi nao hawajaonekana.

Nimekaa nikafikiri kwa nini unakataa hata kuuliza. Kwanza nilikasirika. Nilijisemea, huyu mzee anapenda jina lake kuliko mjukuu wake. Naomba radhi, lakini nililisema, na bora ulijue kutoka kwangu. Baadaye nikaelewa. Unaogopa kwamba ukiuliza, Rahim ataonekana mtu anayekimbia deni, na wewe baba wa mtu huyo.

Sasa nikukumbushe kitu. Siku ya mazishi nilikuwa nyuma ya ukuta na wanawake wenzangu, na kila neno lako nalikumbuka maana ndiyo mara ya kwanza nilisikia sauti yako bila kuambiwa na Rahim. Hukusema jambo moja. Ulisema mawili. Ulisema, "Kama kuna anayemdai marehemu aje kwangu." Halafu ukajifuta uso, ukasema, "Na kama kuna anayedaiwa na marehemu, naye ajitokeze, asingoje kuulizwa."

La kwanza umelitimiza kwa maksai wawili. La pili hakuna aliyekuja. Watu mia tatu walisikia, Baba, na Faith alikuwa amekaa umbali wa mkono kutoka kwangu.

Eda yangu inaisha mwanzoni mwa Machi. Ningekuwa huru ningekuja Mamba kwa miguu, nikasimama mlangoni kwako nimefunika uso, nikayasema haya kwa sauti. Siwezi. Nina karatasi hii tu.

Mkweo,
Hadia


Barazani kwako, Misunkumilo
26 Februari 2025, saa kumi alasiri

Hadia,

Usitoke na usimlete mtu. Niko hapa nje kwenye baraza lako, nimeandika juu ya goti lile zima. Kauthar nimemkuta mlangoni, nimemwambia babu ana barua ya mama na anaileta mwenyewe safari hii. Amecheka sana. Ningeweza kusema haya kupitia mlango, ni hatua tatu tu, lakini sauti yangu leo siiamini.

Barua zako mbili zilinifikia siku moja. Ilikuwa tarehe ishirini asubuhi, nimekaa ofisi ya kijiji, yule mtu wa Usevya ameshalamba kidole anahesabu noti, mtendaji anatafuta wino wa muhuri. Salvatori akaingia na matope mpaka kiunoni. Nilizipokea nikazitia mfukoni. Nikamwambia, nilishamkataza kuniandikia juu ya hili, nitasoma nikimaliza. Salvatori akasema, "Mzee, mie nimevuka mto na hizo barua kichwani. Zisome basi, nione kama nilivuka bure." Nikaona aibu nikafungua. Ya kwanza ilinikasirisha. Ya pili nilipofika pale uliposema napenda jina langu kuliko mjukuu, nilitaka kuichana. Kisha nikafika kwenye maneno mawili.

Nilikuwa nimelisahau la pili, Hadia. Wallahi nililisahau. Miezi minne nimebeba nusu ya maneno yangu mwenyewe.

Nilimrudishia mtu yule arubuni yake. Amekasirika, anataka na gunia mbili za mpunga wakati wa mavuno kwa usumbufu. Nimekubali, ana haki. Barabara ilipofunguka nikaja. Jana nililala msikitini, nisikusumbue, na leo asubuhi nikamfuata Theopista kwake tukaenda ofisini pamoja.

Ofisi ilikuwa imejaa. Kuna benchi refu, kina mama wamekaa na vitabu vyao vya marejesho mapajani. Meneja ni kijana mpole wa maneno. Theopista aliweka barua zetu mezani moja moja na akauliza habari ya bima. Meneja akasema suala linafuatiliwa. Akauliza tena. Akasema mfumo haujasoma. Theopista akauliza mfumo huo ulisomaje pesa za maksai. Akasema turudi wiki ijayo.

Mimi nilikuwa nimeketi. Unajua sijui kugombana na vijana. Nilisimama kwa sababu goti liliniuma, na nilipokwisha simama nikajiona niko kama siku ile. Nikasema kwa sauti, watu wote wanasikia, "Mimi ni baba wa marehemu Rahim Mikidadi. Siku ya mazishi yake nilitangaza mambo mawili. Anayemdai marehemu ajitokeze. Nyie mlijitokeza, na nimewalipa. Leo nimekuja kulitangaza la pili. Kama kuna hapa anayedaiwa na marehemu, naye ajitokeze, asingoje kuulizwa."

Meneja akaanza kusema mzee tafadhali. Yule binti Faith alikuwa meza ya nyuma. Alisimama akasema, "Bima ililipa tarehe kumi na sita Desemba. Yote. Faili ninalo mimi." Akalitoa kwenye droo akaliweka mbele yangu, hakumtazama meneja.

Nimeliona kwa macho yangu. Deni lilikwisha siku kumi na moja baada ya arobaini, na wiki tatu kabla sijawalipa chochote. Meneja amesema ni makosa ya mfumo. Theopista akamwambia vizuri, basi mfumo utuandikie. Ameandika na kugonga muhuri: milioni moja na nusu inarudi Ijumaa, deni ni sifuri, rangi ya ukuta wataipaka wao. Nakala ya Benki Kuu Theopista ameituma vilevile, amesema bahasha ikishabandikwa stempu ni dhambi kuirudisha nyumbani. Tulipokuwa tunatoka mama mmoja benchini akamshika kanga akamuuliza, na mimi kwenye hiki kitabu changu nina hiyo bima? Halafu mwingine. Nimemwacha huko, amezungukwa, miwani iko puani.

Faith alinifuata nje. Alisema alilia kweli kwenye matanga yako, na kwamba ana watoto wawili na kila mwezi maafisa wanawekewa lengo la makusanyo. Sikumsamehe papo hapo, sitakudanganya. Nilimwambia aje kwako eda ikiisha, akuombe wewe. Sidhani kama kesho ana kazi. Akija mpe chai.

Sasa lililonileta kuandika badala ya kusema.

Miezi hii yote nilikuwa namwona mwanangu ametundikwa. Nikamwonea huruma, na kidogo, Mungu anisamehe, nikamwonea aibu, kwamba amekufa ameniachia deni. Nimeuza maksai ili nimshushe. Na kumbe alikuwa ameshashuka. Alilimaliza mwenyewe kwa elfu tisini, mwezi wa tatu, akiwa mzima, siku hiyohiyo aliyokopa, akaiweka risiti kwenye boksi la viatu. Hakutuachia deni, Hadia. Hata la shilingi moja. Na mimi baba yake sikumwamini kiasi cha kuuliza. Wewe ndiye uliyeuliza.

Maksai hawatarudi, waliishia bucha. Nitakodi trekta la jirani na kulalamika mwaka mzima. Mpunga uko palepale, unachanua. Mavuno mje wote wawili. Mkeka utakuwa mmoja. Wakiuliza wazee wenzangu, nitawaambia mila haikukataza wino na sasa wino umekwisha.

Hati ya nyumba yako, waliyonirudishia leo ofisini, iko ndani ya bahasha hii. Angalia usiikunje.

Baba yako,
Mikidadi


(Nyuma ya bahasha hiyohiyo, kwa penseli)

Baba,

Shikamoo. Hati nimeiona, haikukunjika. Barua yako nimeisoma mpaka mwisho na sasa siwezi kuandika vizuri, karatasi imelowa, na safari hii sio mto.

Chai anakuletea Kauthar, na chapati mbili. Kunywa ikiwa ya moto. Kisha usogeze kiti chako karibu na mlango, mimi nitakaa huku upande wangu, na unisimulie tena pale uliposimama. Polepole. Nataka kuisikia kwa sauti yako.

Mwanao,
Hadia